Sistimu ikigoma Entebbe, usitoke kwenye foleni

Nilikaa kaunta ya abiria pale Entebbe miaka sita, na nimeona sistimu ikigoma zaidi ya mara moja. Asubuhi moja skrini ziliganda saa kumi na moja alfajiri, foleni ya Nairobi imeshafika mlangoni. Msimamizi wetu akafungua kabati, akatoa bunda la pasi tupu za kupandia ndege, kalamu na chati ya viti. Kila abiria tulimwandikia jina, namba ya ndege na kiti, kisha tukakikata kiti hicho kwenye chati kwa wino mwekundu kisije kikatolewa mara mbili. Lebo za mizigo nazo tuliandika kwa mkono.

Mama mmoja wa Bombo aliigeuzageuza pasi yake. "Mwanangu, hii karatasi itanifikisha kweli?"

"Itakufikisha, mama."

Na ilimfikisha. Pasi ya mkono si ubabaishaji. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, India nako abiria waliandikiwa vivyo hivyo, wakasafiri.

Kinachochelewesha ndege hasa ni mambo ambayo abiria hayaoni. Kwanza uzito. Rubani haondoki kabla hajajua wangapi wamekaa mbele, wangapi nyuma, na mizigo ni kilo ngapi huko chini. Kompyuta hupiga hesabu hiyo mara moja. Kwa mkono, mtu anakaa na kikokotoo, mwenzake anairudia, na majibu yakitofautiana wanaanza upya. Kwa hiyo siku hiyo kaa kiti ulichopewa, usihame kwa hiari yako. Tena usikate tamaa ukaenda zako baada ya begi kupakiwa, kwani lazima litafutwe lishushwe. Nimeona ndege nzima ikingoja kwa ajili ya begi moja, watoto wanalia, na mwenye begi yuko njiani kurudi Kampala.

Halafu kuna saa za kazi za marubani na wahudumu. Sheria imeziwekea kikomo. Zikiisha hawaruki, hata kompyuta ziwe zimerudi. Mwezi ule ule wa Julai, Delta, shirika la ndege la Marekani, ilifuta safari kama 7,000 ndani ya siku tano, wenzake wengi wakiwa wamesharejea, kwa sababu programu yake ya kupanga wafanyakazi ilizidiwa. Kwa hiyo ukingoja sana, usiulize tu kama mtandao umerudi. Uliza, "Marubani bado wana saa za kutosha?" Wakisitasita kukujibu, mpigie anayekupokea, na uombe tarehe mpya kwa maandishi kabla hujaondoka uwanjani.

Chapa tiketi yako, hata kama iko kwenye simu. Wachapaji wa Barabara ya Nasser, Kampala, hawalali kwa kazi hiyo. Sistimu ikiwa imelala, tunachokitafuta sisi ni namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13, na simu iliyoishiwa chaji haitatuonyesha. Dawa weka kwenye mkoba wa mkononi. Lebo ya begi ikiandikwa kwa mkono, isome mwenyewe kabla begi halijaondoka, herufi kwa herufi, kisha ipige picha. Mwandiko wa saa kumi na moja alfajiri naujua.