Gitaa na maikrofoni: sogeza kwanza, vitufe baadaye

Narekodi gitaa la boksi, lisilo la umeme. Maikrofoni ipo sentimita 10 mbele ya tundu, lakini sauti inavuma kama ngoma. Gitaa lina kasoro? (Msomaji, Jinja)

Gitaa halina kosa. Hewa iliyomo ndani ya boksi ina mvumo wake, kwa magitaa mengi karibu na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na hutokea kwenye lile tundu. Piga G ya freti ya 3 kwenye uzi mnene kuliko zote: noti hiyo ni hezi 98, na mara nyingi ndiyo inayovimba kuliko jirani zake. Tena maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri inavyokaribia chombo. Umeyakusanya yote mawili mahali pamoja.

Ihamishe. Ielekeze pale shingo inapoungana na boksi, freti ya 12 au ya 14 kulingana na gitaa, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Kisha igeuze kidogo tu kuelekea tundu. Hapo nyuzi na mbao husikika pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, sogea sentimita 3 kuelekea tundu. Ikianza kuvuma, rudi. Kama vidole vinakwaruza nyuzi mpaka vinafunika wimbo, achana na shingo kabisa, ujaribu ubao mpana ulio nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya boksi.

Kazi hii inataka watu wawili: mmoja apige kipande kilekile bila kubadili nguvu, mwingine avae hedifoni na kusogeza stendi polepole. Ukipata pazuri, bandika selotepu sakafuni penye miguu ya stendi na ya kiti. Mpigaji akiinama mbele sentimita 10 katikati ya wimbo, sauti inabadilika, na hakuna kitufe cha kuirekebisha vizuri baadaye.

Gitaa la umeme kwenye amplifaya: niweke wapi maikrofoni? Yangu inatoa mlio mkali unaochoma masikio. (Kampala)

Bila shaka umeilenga katikati ya spika. Mulika tochi kwenye kitambaa cha mbele uone ilipo koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, maana amplifaya nyingine zina spika mbili, na pengine moja ni nzuri kuliko mwenzake. Tumia maikrofoni ya dainamiki; Shure SM57 inatosha kabisa kwa kazi hii. Iweke sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa. Anzia ukingoni mwa kile kifuniko cha mviringo kilicho katikati ya koni. Kila sentimita 2 kuelekea nje hupunguza ukali. Kuelekea katikati huuongeza. Ukifika mwisho wa koni, sauti huwa kama imefunikwa blanketi.

Amplifaya isikae sakafuni wala kwenye kona, kwani kuta zitaipa besi ambayo mpigaji hakuikusudia. Kiti kigumu kinatosha. Kwenye kompyuta, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo ambacho sauti ikikivuka huharibika.

Nimetumia maikrofoni mbili ili sauti iwe pana, lakini kwenye simu gitaa linakuwa jembamba, kama halipo. (Mbarara)

Sauti inafika kwenye maikrofoni moja kabla ya nyingine. Tofauti ya sentimita 17 ni nusu ya milisekunde hivi, na hiyo inatosha kufuta hezi 1,000 mara zinapochanganywa ziwe moja, kama inavyofanya spika ya simu. Weka vichwa vya maikrofoni pamoja, kimoja juu ya kingine, vikiwa na pembe ya digrii 90 kati yao. Sauti itafika kote kwa wakati mmoja. Ukitaka kuzitenganisha, pima kwa kamba: kutoka freti ya 12 hadi kila maikrofoni pawe na urefu uleule. Kisha sikiliza kwa mono, yaani zote mbili zikiwa zimechanganywa kuwa moja, kabla mpigaji hajaondoka.

Bodaboda nje, mvua juu ya mabati. Nifanyeje? (Entebbe)

Maikrofoni ya kadioidi, ile inayosikiliza upande mmoja, haisikii vizuri nyuma yake, kwa hiyo mgongo wake uelekee dirishani na mpigaji akae upande wa ndani. Mvua ya mabati haina dawa, subiri ikatike.

Je, adungu inarekodiwa kama gitaa? (Arua)

Hapana, ingawa ni kinubi cha nyuzi. Gitaa huimba kwa ubao, adungu huimba kwa ngozi iliyofunika boksi. Maikrofoni iitazame ngozi hiyo, sentimita 30 hadi 40, wala si vigingi vya shingoni, ambako utaokota milio ya nyuzi tupu isiyo na mwili. Adungu kubwa ya besi ipe sentimita 60, kwa sababu karibu zaidi utasikia kila noti ikianza kwa pigo zito lisilo na tuni. Zikiwa kadhaa zinapigwa pamoja, anza na maikrofoni mbili tu, mita 1.5 mbele ya kundi, na usogeze wapigaji mpaka uwiano upatikane. Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu: kagua tuni kabla ya kila rekodi, hasa asubuhi.