Kwaya au Masomo? Mtazame Abate Notker Wolf

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Yuko chuoni, na mlezi wake anamwambia aache kwaya, la sivyo shahada itamshinda. Dada yangu, usiache! Maneno hayo niliambiwa na mimi, tena mbele ya darasa zima, na mhadhiri niliyemheshimu sana. Alisema mpiga kinanda hawi msomi. Yaliniuma, na hata leo nikiyakumbuka moyo unachoma. Mwezi uliopita nimetunukiwa shahada ya uzamili, na Jumapili iliyofuata niliongoza Misa kwa kinanda.

Aliyenipa nguvu ni mmonaki Mbenediktini (mtawa anayefuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto), Notker Wolf, wa abasia, yaani monasteri kubwa, ya Mtakatifu Otilia huko Ujerumani, ileile iliyotuzalia abasia za Peramiho na Ndanda. Alizaliwa mwaka 1940, mtoto wa fundi cherehani. Alisoma falsafa na teolojia, na bado akatafuta zoolojia, kemia na historia ya elimu ya nyota. Mwaka 1971 akaanza kufundisha Sant'Anselmo, chuo cha Wabenediktini huko Roma. Mwaka 1977, akiwa na miaka 37 tu, ndugu zake wamonaki wakamchagua kuwa Abate Mkuu, yaani kiongozi wa abasia yao. Kuanzia 2000 hadi 2016 alikuwa Abate Primasi, mwakilishi wa Wabenediktini wa dunia nzima.

Na muziki je? Filimbi hakuiacha. Gitaa la umeme alilipiga katika bendi ya roki iitwayo Feedback, na aliwahi kupanda jukwaani na Deep Purple, bendi maarufu ya roki. Abate! Alifariki tarehe 2 Aprili 2024, na sijasikia mtu akisema gitaa lilimpunguzia elimu.

Wanaotuchagulia kimoja hawajui monasteri inavyoishi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka zaburi zote 150 ziishe kila juma, na Kanuni hiyohiyo inatenga saa za kusoma. Siri ni saa. Kengele ikilia, mmonaki anaacha alichoshika na kwenda kusali.

Basi nawe fanya hivyo. Muda wa mazoezi uwe mazoezi, muda wa kitabu uwe kitabu, simu ikae mbali. Kipaji ulipewa na Mungu, asikudanganye mtu kwamba ni kizuizi. Andika ratiba yako, umpelekee mlezi aione. Na mwalimu wa kwaya mpe tarehe za mitihani sasa, kabla mazoezi ya Pasaka hayajaanza.