Jibu: "Sauti ya joto" si amplifaya kuchemka

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini amplifaya yako inaunguza mkono ilhali mlio bado mkali, wakati watu wanasifia "sauti ya joto". "Joto" la sauti ni besi na sauti za kati kujaa kidogo, trebo (sauti nyembamba za juu) ikawa laini. Amplifaya za valvu (zenye taa za kioo badala ya transista) husifiwa hivyo kwa kuwa nyingi huongeza hamoniki ya pili, yaani mlio wa ziada ulio okteva moja juu ya noti, na sikio huipenda.

Usiiuze amplifaya yako bado, anza na chumba. Sebuleni kwangu Area C, Dodoma, vigae na kuta tupu, zeze la Kigogo lilikwaruza masikio. Nikatandika zulia, nikatundika mapazia mazito, nikasogeza spika karibu na ukuta. Likajaa! Amplifaya ni ile ile.

Yako iachie nafasi ya hewa juu, ipoe.