Grainda inaruka mkononi nikikata vigae

Kaka, umeuliza kwa nini grainda yako ya inchi 4½ inaruka ukikata vigae, na kama unaweza kutoa kava (kinga inayofunika diski) ufunge diski ya inchi 7. Kava usiiguse. Grainda hiyo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 kwa kawaida imeandikwa mwisho wake takriban 8,500. Ukiipitisha hapo inaweza kupasuka, na vipande havichagui pa kwenda. Namba imechapwa kwenye diski yenyewe, isome kabla ya kufunga.

Kuruka kunatokana na diski kubanwa. Kigae kikining'inia upande mmoja, mkato hujifunga na kuing'ata. Kilaze juu ya ubao ulionyooka, pande zote mbili za mstari ziegemee, kisha pitisha mkwaruzo wa milimita 2 hivi mwanzo hadi mwisho ndipo urudie kwa kina. Usiipinde diski kufuata kona. Tumia ya almasi yenye ukingo mzima, usio na mapengo. Ile ya kukatia chuma itaisha bure na kuunguza kigae.

Shika kwa mikono miwili, simama pembeni ya mstari wa diski. Miwani ya kazi, barakoa ya N95 inayochuja vumbi laini la kigae (leso haizuii vumbi hilo), na ukibadili diski chomoa plagi kwanza, kuzima swichi pekee hakutoshi.