Siku Nzima Bila Kuona Nchi Kavu: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walio Marekani na Kanada, wanaojiandaa kupanda meli ya utalii Miami kwenda visiwa vya Karibi pamoja na watoto. Karibu wote wanaulizia ile siku ambayo meli haifungi gati popote. Tumechagua maswali saba.

SWALI: Tumekata tiketi ya usiku 7, na ratiba inaonyesha siku mbili nzima baharini kabla ya kufika St. Thomas. Nina watoto wa miaka 2, 6 na 13. Mbona mbali hivyo, na watoto watashinda wakifanya nini? (Mama wa watatu, Minneapolis)

JIBU: Dada, ni hesabu ya umbali. Kutoka Miami hadi St. Thomas ni karibu maili 1,000 za baharini, na meli hizi huenda maili 18 hadi 20 kwa saa. Hizo ni saa 50 na ushei. Meli iliyoondoka Jumapili saa 11 jioni haifiki kabla ya Jumanne usiku, kwa hiyo huingia bandarini Jumatano asubuhi ili watu wapate mchana mzima wa kushuka.

Jueni mapema kwamba siku ya baharini ndiyo yenye msongamano kuliko zote. Siku ya bandari abiria wengi hushuka. Siku hii watu 3,000 hadi 5,000 wamo humo humo, na wote huamka na wazo moja: bwawa asubuhi, bafe mchana. Anayewatangulia wenziwe kwa saa moja na nusu hula raha. Anayefuata mkumbo hushinda kwenye foleni.

Ratiba ya kesho hutolewa jioni, kwa karatasi chumbani au kwenye programu ya simu ya meli. Isomeni kabla ya kulala na kila mtoto achague mambo mawili tu. Angalieni saa: imeandikwa kwa hesabu ya Kizungu, na nyumba yenye kusema saa mbili kwa maana ya 8:00 inaweza kukosana kwa saa sita nzima.

Asubuhi kuleni saa 1 na nusu, bwawani saa 2. Wakati huo maji yana nafasi na jua bado pole. Kufika saa 4 na nusu viti vimekwisha, ndipo mnapotoka. Msiache taulo kitini mkaenda zenu, maana wahudumu huziondoa baada ya nusu saa hivi, na taulo ya bwawani ikipotea mnadaiwa zaidi ya dola 20. Mchana bafe hufurika kati ya saa 6 na saa 8. Siku za baharini mkahawa mkuu wa kukaa mezani huwa wazi pia mchana bila malipo ya ziada, na wengi hawajui.

Mtoto wa miaka 6 ana klabu ya watoto, ambayo kwenye meli nyingi hupokea watoto wa miaka 3 hadi 11 kwa makundi ya umri, bure mchana na kwa malipo usiku sana. Mwandikisheni siku ya kwanza mara tu mnapopanda. Wa miaka 2 kwenye meli nyingi hapokelewi huko. Kama meli ina chumba cha kulelea wachanga, nafasi zake ni chache, hulipiwa kwa saa na huisha siku hiyo hiyo ya kwanza. Huyo wa miaka 13 ndiye wa kumfikiria zaidi. Vijana hujuana usiku wa kwanza, na makundi yakishafungamana mgeni wa siku ya tatu hujiona amechelewa. Mhimizeni aende usiku ule ule, hata kwa nusu saa. Na nendeni mapokezi mkaweke kikomo cha matumizi kwenye kadi yake, kwa sababu michezo ya mashine na soda hulipiwa kwa kadi hiyo na deni huja kwenu.

Jambo la jua nalisisitiza. Upepo wa sitahani hupoza ngozi, mtu asijue anaungua, na ngozi nyeusi nayo huungua. Mafuta ya kinga ya SPF 30 au zaidi yapakwe dakika 15 kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa 2 na kila mtoto anapotoka majini.

SWALI: Huyo mdogo bado anavaa nepi. Nikimvalisha nepi za kuogelea ataruhusiwa bwawani? (Mama huyo huyo)

JIBU: Hataruhusiwa. Meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na kanuni zake zinakataza mtoto mwenye nepi ya aina yoyote kuingia bwawa la kawaida. Nepi ya kuogelea huzuia kinyesi kigumu. Cha majimaji hupita. Klorini huua vijidudu vingi kwa dakika chache, lakini kijidudu cha kriptosporidiamu huweza kuishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini. Meli kadhaa zina sehemu ndogo ya maji yenye mfumo wake wa kuchuja, iliyotengenezwa kwa watoto wa nepi. Ulizeni kabla ya kulipia tiketi. Ikikosekana, bafu dogo la plastiki la kujaza upepo, likiwekwa ndani ya bafu la chumbani, humtosha kabisa mtoto wa miaka 2.

Na kwa wale wakubwa: meli nyingi hazina mwokozi bwawani. Mkubwa mmoja akae ukingoni akiwatazama, simu ikiwa mfukoni. Vesti za kuelea za watoto huazimwa bure kwenye meli nyingi.

SWALI: Nimeambiwa meli kubwa haiyumbi kwa sababu ina mabawa chini ya maji. Mke wangu hulevywa hata na feri ya Zanzibar. Tumwamini nani? (Baba, Toronto)

JIBU: Kaka, mwamini mkeo. Mabawa hayo yapo kweli. Hutokeza ubavuni chini ya maji na kupunguza ule mwendo wa kulala kushoto na kulia. Hayafanyi kitu dhidi ya mwendo wa pili, wa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kupanda na kushuka. Na njia ya Miami kwenda St. Thomas ni ya kusini mashariki, ambako upepo wa kudumu wa Karibi hutokea mashariki na kaskazini mashariki. Maana yake mnakwenda joshi: mawimbi yanaipiga meli kwa mbele, nayo inapanda na kushuka. Ndiyo sababu siku mbili za kwanza huwa ngumu kuliko za kurudi, ambapo upepo uko nyuma. Utauhisi hata juu sitahani. Meli ikienda maili 20 kwa saa dhidi ya upepo wa maili 15, unaokupiga usoni ni wa 35, na kofia huenda. Wakati wa kurudi sitaha hiyo hiyo huwa shwari.

Chumba kina maana kuliko dawa. Meli inaponesa hufanya kama pembea ya ubao: katikati husogea kidogo, ncha ndizo zinazopanda. Chukueni chumba cha katikati kati ya tezi na omo, sitaha za chini. Vyumba vya mbele juu, hata viwe na dirisha zuri namna gani, mwachieni asiyelevywa.

Kulevywa hutokea sikio la ndani linapoambia ubongo kwamba mwili unasogea, huku macho, yakitazama ukuta wa chumba au simu, yakisema umetulia. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutoka nje, mahali pa chini katikati ya meli, na kukaza macho kwenye mstari wa mbingu na bahari. Kusoma na kuchezea simu kuachwe.

Vidonge vinywewe kabla, saa moja hivi kabla meli haijatoka. Kosa la wengi ni kungoja mpaka kichefuchefu kianze, na hapo kidonge hutapikwa. Dimenhidrineti, ambayo Kanada huuzwa kwa jina la Gravol, hupewa hata watoto kuanzia miaka 2 kwa kipimo cha umri kilichoandikwa kwenye pakiti, na husinzisha. Meklizini husinzisha kidogo kuliko hiyo, lakini ni ya miaka 12 na kuendelea. Ile plasta ya skopolamini ya kubandika nyuma ya sikio ni ya watu wazima tu, kwa cheti cha daktari. Hubandikwa angalau saa 4 kabla na hufanya kazi siku 3. Anayeishika anawe mikono hapo hapo, kwani ikigusa jicho mboni hutanuka na kuona kunakuwa ukungu. Kama mkeo ni mjamzito, aanze kwa daktari. Na ajue kuwa meli nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24.

Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Biskuti kavu, tufaha la kijani na tangawizi huwasaidia wengi. Akitapika mfululizo hata maji hayakai, mpelekeni zahanati ya melini. Mtalipa, tena si kidogo, na bima nyingi za nyumbani hazigharamii matibabu ya baharini. Nunueni bima ya safari kabla ya kuondoka.

SWALI: Tutajuaje kibla katikati ya bahari? Na chakula halali kinapatikana? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Dira ya simu usiiamini ndani ya meli, maana chuma kilichokuzunguka huivuta. Tumia mwelekeo wa meli yenyewe. Televisheni ya chumbani huwa na chaneli ya ramani, na nyingi huonyesha meli inaelekea nyuzi ngapi za dira. Katika maji ya Miami mpaka St. Thomas, kibla ni kati ya nyuzi 56 na 65, yaani kaskazini mashariki kuelekea mashariki, shika 60. Meli ikienda nyuzi 120, simama kama unayetazama omo, kisha geuka kushoto nyuzi 60. Wakati wa kurudi, ikienda nyuzi 300, geuka kulia nyuzi 120. Mwelekeo wa meli hubadilika, hivyo tazama tena kabla ya kila sala. Kwa walio Shafi, msafiri anaweza kukusanya na kupunguza, na siku yenye mambo mengi hilo huwa faraja.

Nyama halali usiitarajie tu kwa kuwa chakula ni kingi. Iandikie kampuni wiki kadhaa kabla, upate jibu la maandishi, kisha jioni ya kwanza muone mkuu wa wahudumu wa mkahawa wako. Kwa kawaida atakuletea orodha ya kesho usiku uchague. Samaki na vyakula vya mboga ndiyo njia ya uhakika, ila uliza kama mchuzi una mvinyo na kama kitindamlo kina jelatini.

SWALI: Tunasafiri na mama mkwe. Anataka kubeba sambusa, birika la umeme la chai, na chetezo chake cha udi. (Mkwe, Houston)

JIBU: Sambusa zitatupwa mlangoni, kwa sababu meli nyingi hukataa chakula kilichopikwa nyumbani. Biskuti na kashata za pakiti isiyofunguliwa hupita, na chakula cha mtoto mchanga pia. Birika, pasi na nyaya za kurefusha umeme huchukuliwa na kurudishwa siku ya kushuka. Udi na mkaa usibebwe hata kwa siri. Moto ndiyo hatari kubwa ya melini, na moshi wa chetezo utaamsha king'ora. Mwambieni mama kwa upole mapema, asije akavuliwa vitu vyake mbele ya foleni. Chai ya maziwa ataletewa chumbani akiagiza. Iliki na tangawizi ya unga abebe kwenye pakiti zake za dukani.

SWALI: Simu zetu zifanyeje? (Baba, Calgary)

JIBU: Ziwekeni zote kwenye hali ya ndegeni kabla meli haijatoka bandarini, za watoto zikiwa za kwanza. Mbali na pwani, meli huwasha mnara wake wa setilaiti. Simu hujiunga yenyewe na kampuni yako hutoza bei ya baharini. Wai-fai ya meli inunueni kabla ya safari, huwa nafuu. Zimeni pia saa inayojibadilisha yenyewe. Wakati wa baridi St. Thomas iko mbele ya Miami kwa saa moja, majira ya joto ziko sawa, lakini la kufuata ni tangazo la meli.

SWALI: Tumepata chumba chenye roshani na mtoto ana miaka 4. Naogopa. (Mama, Seattle)

JIBU: Hofu yako ina msingi, na dawa yake ipo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka ukingo usipungue inchi 42, karibu sentimita 107. Mtoto wa miaka 4 ana kimo kama hicho au chini yake, kwa hiyo haoni bahari vizuri juu ya ukingo na atatafuta kitu cha kupandia. Kitu hicho ni kiti. Siku ya kwanza mwombe mhudumu wa chumba aondoe viti na meza ya roshani, au muviingize ndani kila mnapotoka hapo. Mlango wa roshani huwa na komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Lijaribuni mbele ya mhudumu, na likilegea lirekebishwe kabla ya usiku. Kumpakata juu ya ukingo kwa ajili ya picha kusifanyike hata mara moja.

Jingine ni vidole. Mlango wa roshani ni mzito, na ukiwa wazi wakati mtu anafungua mlango wa ukumbini, upepo hupita chumbani kama kwenye bomba na kuubamiza mmoja wao kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuizuia. Funga wa roshani kwanza, ndipo ufungue wa ukumbini, na mkono wa mtoto uwe ndani ya mkono wako mpaka umesikia komeo limeingia.