Chumvi iliyonipa jina la utani

Juzi usiku kijana mmoja wa kidato cha kwanza kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Chumvi ya kula ni kampaundi au mchanganyiko? Darasani tumebishana mpaka tumenuniana." Nikacheka peke yangu, kisha usingizi ukapaa. Swali hilohilo lilinipatia fimbo mbili.

Nimekulia Lindi, na mjomba wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Nimeona kwa macho yangu maji ya bahari yakiingizwa kwenye majaruba, jua likiyakausha siku nyingi, watu wakikwangua chumvi na kuilundika, nyeupe yenye vumbi la udongo. Nyumbani kiroba chetu kilikaa pembeni ya jiko. Masika ikiingia, kiroba kinatoka jasho mpaka sakafu inalowa.

Basi mwalimu alipouliza, nilinyoosha mkono wa kwanza. "Mchanganyiko!" Kwa nini? "Kwa sababu ina mchanga." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanichapa, akaniita Bwana Chumvi, akaendelea na somo bila kunieleza kosa langu. Jina lile nililibeba hadi kidato cha nne. Matokeo yalipotoka, A ya Kemia darasani ilikuwa moja tu, ya Bwana Chumvi. Naomba iandikwe hivyo.

Alichopaswa kunieleza ni hiki. Chumvi yenyewe, sodiamu kloraidi, ni kampaundi: sodiamu na klorini zimeungana kikemia zikawa kitu kipya, kwa kiwango kisichobadilika, wakati mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja tu bila kuungana. Itoke Lindi, itoke kwenye chemchemi za Uvinza, kila gramu 100 zina takriban gramu 39 za sodiamu na 61 za klorini. Huwezi kuongeza moja ukapunguza nyingine kama unavyofanya na maji ya chumvi. Na sodiamu ni metali laini, kisu kinaikata, ila huhifadhiwa ndani ya mafuta maana ikikutana na maji, moto unaweza kuwaka. Klorini ni gesi ya sumu. Mwaka 1915 Wajerumani waliifungulia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji. Ingekuwa mchanganyiko, kila kimoja kingebaki na tabia yake, na kachumbari ingekulipukia mdomoni.

Lakini kiroba cha mama? Kile kilikuwa mchanganyiko, na hapa ndipo nilipoonewa. Chumvi ghafi ya bahari ina chumvi za magnesiamu, nazo ndizo hunyonya unyevu wa hewa. Hata ile ya pakiti yenye madini joto, imetiwa kitu juu ya sodiamu kloraidi.

Kwa hiyo wanangu, someni swali. Likisema sodiamu kloraidi au chumvi safi, jibu kampaundi. Likisema maji ya bahari, mchanganyiko. Mkiona "chumvi ya kula" tu, mtungaji anataka kampaundi; mpeni, kisha mtoe sababu. Someni swali, nasema tena. Mnakimbilia jibu la neno moja kama mnanunua vocha. Sababu ndiyo yenye maksi! Mimi sababu yangu ilikuwa nusu sahihi na hakuna aliyejali kuisikiliza, ndiyo maana leo mwanafunzi akikosea mbele yangu namwuliza kwanza ameona nini kwao.

Yote haya nilimrekodia yule kijana kwa sauti ya dakika sita. Akajibu papo hapo, sidhani hata aliifungua: "Kwa hiyo nitiki kampaundi?"

Tiki, baba.