Muulize Mwalimu: "Sorry" ya mlimani na mkaguzi wa saccos

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpagazi, tunapandisha wageni kwa njia ya Marangu. Juzi karibu na Horombo mgeni aliteleza akakaa kwenye tope. Nikamwambia "sorry!" Akashangaa: kwani umenisukuma? Mwongozaji wetu akanikaripia mbele ya wenzangu, eti "sorry" ni ya kuomba radhi, nikiisema nimekiri kosa. Nimekosea wapi? – Mpagazi, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukaripiwa.

"Sorry" limetoka kwenye Kiingereza cha kale, "sarig", yaani mwenye maumivu au huzuni. Ni ndugu wa "sore", neno wanalolitumia hadi leo kwa kidonda na kwa mwili unaouma. (Usidanganywe na "sorrow", hayo mawili yamefanana sura tu, ukoo ni mbalimbali.) Basi mtu wa zamani akisema "sorry" alikuwa anasema: naumia. Kuomba radhi ni tawi lililochipua baadaye, naumia kwa nililokutendea. Na shina halijafa. Mwingereza akienda msibani humwambia mfiwa "I'm sorry", na hakuna anayemshuku kuwa ndiye aliyemuua marehemu. Wewe ulisema sawasawa na bibi zao.

Ila mtu aliyekalia tope hana nafasi ya historia. Sikio lake linasikia radhi. Mpe mkono, muulize "are you okay?", yatosha. Ningekushauri umfundishe "pole" yetu, lakini ninyi wenyewe mmeshaiharibu: tangu getini mnamwimbia "pole pole", sasa akianguka ukamwambia "pole" atadhani bado anakwenda mbio.

Mimi pia nina deni hapa. Mwaka 1987 ubao uliniangukia mguuni darasani. Binti wa dawati la mbele akaruka, "Sorry, sir!" Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha chuo kama ndiye aliyeusukuma. Darasa zima likacheka, yeye akainamisha kichwa. Siku hizi ni mama mzima, anauza vitenge. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo yake kwa heshima zote, nami naitikia haraka haraka na kuondoka.

Mwalimu, mfadhili wa saccos yetu hasomi Kiswahili, kwa hiyo muhtasari wa kikao naandika kwa Kiingereza. Niliandika kwamba tunahitaji "a disinterested auditor". Mwenyekiti akalikata kwa kalamu nyekundu: "Mkaguzi asiyependa kazi wa nini?" – Katibu, Sakina, Arusha

Lirudishe. "Interest" ni neno lenye mizigo mitatu: hamu, maslahi, na riba mnayotozana kila mwezi. Mkaguzi wako ni yule asiye na chake humo ndani. Hajakopa, shemeji yake hajakopa, wala haunyemelei uhasibu. Asiyependa kazi ni "uninterested", na huyo naye vikundi vyetu vinamfahamu vizuri.

Sasa jambo lisilonifurahisha. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba hiyo ya mkaguzi ndiyo maana ya asili. Baadaye nikafungua kamusi kubwa nikakuta kwamba katika karne ya 17 "disinterested" lilitumika kwa mtu asiyejali, na "uninterested" kwa mtu asiyeegemea upande. Maneno yalibadilishana kanzu njiani! Tangu hapo nikisikia mtu anatetea maana ya asili, namuuliza: asili ya mwaka gani?

Hata hivyo la mkaguzi nalishikilia, kwa sababu lina kazi. "Impartial" anaweza kuwa na mkopo na bado akatenda haki. "Disinterested" hana mkopo kabisa, na saccos inamtaka huyo. Sitapigana hivyo kwa ajili ya "decimate". Warumi walilitumia kwa adhabu ya kuua askari mmoja katika kila kumi; leo viwavijeshi wakimaliza shamba zima la mahindi, magazeti ya Kiingereza yanasema "decimated". Waacheni. Nani tena anayehesabu askari kumi kumi?

Mgeni wangu kakodi gari. Nikamwelekeza kwa simu: "At the keep left, Clock Tower, turn right." Kapiga simu mara tatu, analalamika namchanganya. – Dereva, Njiro

Mgeni wako ni mtiifu: umemwambia ashike kushoto kisha akate kulia. Kibao cha Mwingereza kilikuwa amri kwa dereva, sisi tukakisoma kama jina la mahali. Kwa Kiswahili kipilefti ni neno kamili, usilionee haya. Kwake sema "roundabout". Au nenda pale Mnara wa Saa ukamchukue, maana ukisubiri aelewe, mafuta yatamwishia.